Kihispania: Granada, Salamanca au Antigua Guatemala? Naombeni ushauri

KijanaWaKreta
Wakuu habari za jioni. Mimi ni muongoza watalii, nipo Arusha. Nataka kwenda nje kusoma Kihispania na nimebakiwa na sehemu tatu: Granada na Salamanca, zote za Hispania, na Antigua ya kule Guatemala. Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Granada wanasema maisha rahisi, Salamanca wanasema ndiko Kihispania kilikozaliwa, Guatemala wanasema mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja. Waliowahi kusoma huko, ipi ni bora? Natakiwa kutoa jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Natanguliza shukrani.

Fundi_Seremala
Ngoja nivute kiti, nami nataka kujua.

BintiShangani
Kaka, bora kwa nani? Hujasema una pesa kiasi gani, unakwenda kwa muda gani, unaanza sifuri au umeshasoma kidogo, na pasipoti yako ya nchi gani. Mie nimesoma Granada lakini siwezi kukwambia nenda Granada kama sijui una miezi miwili au mwaka. Visa zake mbalimbali kabisa.

Njoro_wa_Thika
Na unajilipia ama kuna mtu anakulipia? Hiyo pia inabadilisha mambo. Halafu unataka cheti ama unataka tu kuongea?

Mzururaji
Guatemala. Hakuna mjadala. Nitarudi kueleza nikitoka kazini.

MwalimuLugha
Mjadala upo tena mkubwa. Lakini tumsubiri mwenye uzi ajibu maswali.

KijanaWaKreta
Samahanini wakuu, nilikuwa porini, mtandao wa kubahatisha. Majibu: pasipoti ya Tanzania. Pesa kama milioni 10 kwa kila kitu, nauli ikiwemo. Muda ni wakati wa masika, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, maana wageni wanapungua na kambi nyingine zinafungwa. Kihispania changu ni salamu na wanyama. Nasema león, elefante, jirafa, wanapiga makofi. Mwaka jana bibi mmoja wa Bilbao akaniuliza kitu kirefu kuhusu simba jike aliyelala chini ya mgunga, nikamjibu "sí, señora." Mume wake akacheka mpaka akavua miwani. Sijui niliitikia nini mpaka leo.

Agosti pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, Wahispania wamejaa, na magari yao wanapewa wenye lugha. Sisi wengine tunapangwa yanayobaki.

BintiShangani
Sawa, sasa unasaidika. Kwa miezi miwili unaomba visa fupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja, ile ya siku 90 ndani ya siku 180. Ada yake yuro 90, haijumuishi ya wakala akiwepo. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, na usivuke siku 15 za mwisho. Miye ningeomba mapema sana, kwa sababu nafasi ya miadi ndiyo inayochelewesha watu kuliko visa yenyewe. Ukizidisha siku 90 unaingia kwenye visa ya mwanafunzi, hapo wanataka masomo ya saa 20 kwa wiki au zaidi na uoneshe pesa ya kujikimu, yuro 600 kwa mwezi kwa kipimo chao cha miaka hii. Wewe huhitaji huko.

Granada nimeipenda kwa vitu viwili. Kwanza, chuo kikuu chao kina kituo cha lugha, Centro de Lenguas Modernas, na mji mzima umezoea wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo chumba kwenye nyumba ya kushirikiana unapata kwa yuro 300 na kitu mpaka 400. Pili, ukiagiza kinywaji unaletewa sahani ya kitu cha kutafuna bila kulipia. Na si lazima kiwe kilevi. Mie nilikuwa naagiza mosto, maji ya zabibu, napata sahani yangu kama wengine. Ila useme mapema "sin cerdo", bila nguruwe, tena useme "sin jamón" pia, lile paja la nguruwe lililokaushwa, kwa sababu kuna watu kule wanahesabu nguruwe ni ile nyama nyeupe tu, jamón kwao ni kitu chake. Niliwahi kuagiza mchicha na dengu nikaukuta vipande vyekundu vimeogelea ndani.

Msikiti upo, ule wa mtaa wa Albaicín uliofunguliwa 2003, ukisimama bustanini kwake unaitazama Alhambra, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, ng'ambo ya pili. Nyama ya halali ipo, Wamoroko wengi.

Kasoro yake: lafudhi. Wanaimeza "s" ya mwisho. Wiki mbili za mwanzo darasani nilikuwa naelewa kila kitu, nikitoka nje sielewi kitu.

MwalimuLugha
Umeisema mwenyewe dada. Ndiyo maana mimi nasema Salamanca. Matamshi ya Castilla, eneo ilipo Salamanca, yanasikika wazi, herufi kwa herufi, na anayeanza sifuri anahitaji hivyo. Chuo chao kipo tangu 1218. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi ya kwanza ya Kihispania mwaka 1492, alikuwa mtu wa chuo hicho, na kitabu chenyewe kilichapwa mjini humo. Hata SIELE, mtihani wa kupima Kihispania, wameuanzisha wao pamoja na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha, chuo kikuu cha UNAM cha Mexico na chuo kikuu cha Buenos Aires. Mji mdogo, unakwenda kila mahali kwa miguu, basi kutoka Madrid halimalizi saa tatu njiani.

Ila lile la "ndiko kilikozaliwa" si kweli. Maandishi ya zamani yanayotajwa zaidi yanatoka monasteri ya San Millán de la Cogolla, La Rioja.

Njoro_wa_Thika
Mwalimu, jamaa anataka kueleza fisi anavyozaa, wewe unampeleka 1492.

MwalimuLugha
Anayejenga bila msingi utamjua nyumba ikianza kupasuka.

Mzururaji
Nimerudi. Niliishi Guatemala nikifanya kazi na shirika moja la maji, nikasoma Antigua kwanza, kisha nikahamia Quetzaltenango, wenyewe wanaiita Xela. Nieleze inavyokuwa maana wengi wanadhani ni porojo.

Shule nyingi ni nyumba ya zamani yenye ua katikati. Kwenye ua kuna meza ndogo ndogo zimepangwa mbalimbali, kila meza viti viwili. Kiti kimoja mwalimu, kingine wewe. Masaa manne kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna mwenzako wa kujificha nyuma yake. Ukikosea kitenzi unakirudia hapo hapo. Ukimwambia mwalimu wewe ni muongoza watalii, kesho yake anakuja na somo la wanyama, la kuelekeza njia, la mgonjwa wa tumbo, la gari limekwama kwenye tope. Darasa la watu kumi halitabadilishwa kwa ajili yako.

Kulala ni kwa familia, milo mitatu, isipokuwa Jumapili, siku hiyo wengi hawapiki kwa mgeni. Maharage meusi asubuhi, maharage meusi jioni, chapati za mahindi. Mtu wa Arusha hatashindwa. Antigua masomo na familia ilikuwa inacheza kwenye dola 300 kwa wiki, Xela inashuka mpaka mia mbili na kidogo.

Tatizo la Antigua ni Wamarekani. Wamejaa mno, ukiingia duka la kahawa unajibiwa Kiingereza kabla hujafungua mdomo. Na masika yako inaangukia Juma Takatifu: wanatandika mazulia ya unga wa mbao wa rangi barabarani kwa ajili ya maandamano, kitu cha kupendeza kweli, lakini vyumba vinapanda bei na familia nyingine zinawapa wageni wa sikukuu vyumba vyao. Mimi ningekwambia uende moja kwa moja Xela. Iko juu, zaidi ya mita 2,300, usiku baridi kama ya Karatu mwezi wa saba na zaidi. Wageni wachache, watu wanaongea taratibu.

Volkano ya Fuego unaiona kutoka Antigua inatema moshi. Ukitoka darasani wikiendi unapanda Acatenango ukalale juu ukiitazama. Wewe mtu wa Meru utaipenda.

Mhasibu_Moshono
Jamani tuweke hesabu mezani. Ana milioni 10, tuiite dola 4,000 kwa dola moja shilingi 2,500.

KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, kwenda Madrid na kurudi, masika, ukikata mapema ni kama dola 1,000. KIA kwenda Guatemala City na kurudi si rahisi kuiona chini ya 1,900.

Wiki nane Granada: masomo ya kundi yuro 180 kwa wiki, 1,440. Chumba 700. Chakula akijipikia 500. Jumla yuro 2,640, sawa na dola 2,900 hivi. Ongeza nauli na visa na bima, 4,050.

Wiki nane Antigua: 2,400 na nauli 1,900, ni 4,300. Xela kwa 220: 1,760 na nauli, 3,660.

Kwa hiyo ule unafuu wa Guatemala mnaousema ni wa Mmarekani anayekaa kwenye ndege saa tano tu. Sisi nauli inaumeza karibu wote. Kilichobaki ni kwamba kwa pesa zile zile anapata mwalimu wa peke yake.

Mzururaji
Na hilo ndilo kubwa! Kwenye kundi la watu kumi, saa moja ukigawanya kila mtu anaongea dakika ngapi?

BintiShangani
Lakini nje ya darasa huongei na mwalimu, unaongea na mji. Na mwalimu mmoja akiwa hajui kufundisha umekaa naye saa nne, utakimbilia wapi? Kwenye kundi angalau kuna wenzio.

Mzururaji
Unabadilishiwa Ijumaa. Shule za kule zinakubali kubadilisha mwalimu kila wiki, ni jambo la kawaida, hakuna anayenuna.

Njoro_wa_Thika
Njia ya kufika mmeiangalia? Ukipitia Marekani lazima uwe na visa yao hata kama hutoki uwanjani, wao hawana mambo ya kukaa upande wa ndani kusubiri ndege. Ukipitia Madrid, Iberia inakwenda Guatemala City, lakini sisi wa pasipoti ya Kenya tangu Januari 2024 Hispania inatutaka visa hata ya kupita tu uwanja wa Barajas. Mtanzania angalia yako kabla hujalipa nauli. Mimi nilikuwa na safari ya Lima nikabadilisha njia nzima.

Mzururaji
Ukiwa na visa ya Schengen mkononi hayo ya kupita Madrid yanakuwa mepesi. Na hiyo hiyo ya Schengen inakuingiza Mexico bila visa ya Mexico, muda wa kuwa inafanya kazi. Mwenye uzi hajaitaja Mexico. UNAM wana kituo chao cha wageni, CEPE, kinafundisha tangu 1921. Au Oaxaca, mji mdogo, chakula kizuri.

Mhasibu_Moshono
Sasa mnamwongezea. Alikuja na tatu, ataondoka na saba.

Kasapa_Lushi
Salama bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi. Ninyi wote munasahau Guinea ya Ikweta. Iko hapa Afrika, Kihispania ni lugha ya serikali tangu zamani za ukoloni, walipata uhuru kwa Wahispania tarehe 12 Oktoba 1968. Malabo kuna kituo cha utamaduni cha Hispania. Kwa nini kuvuka bahari?

BintiShangani
Wazo zuri kwa ramani tu. Malabo mji wa mafuta, nyumba na hoteli zake bei za watu wa mafuta. Na visa yake wanaoijua wanakwambia Schengen ni mteremko.

Kasapa_Lushi
Visa ni ngumu popote kwa sisi. Mkongomani hata kupita tu uwanja wa ndege wa Ulaya anaombwa visa, muko mulisoma orodha yao? Kwa hiyo ngumu kwa ngumu, afazali ya karibu.

MamaNuru_Tanga
Naomba niseme jambo kuhusu kukaa na familia, maana naona linapambwa sana.

Nilikwenda mji mmoja wa pwani ya Hispania, shule siitaji. Nilipitia wakala aliyekuwa na ofisi nzuri, picha ukutani, chai ya maziwa. Shule ikataka ada yote kabla ya kutoa barua ya kunikubali, na bila barua ubalozi haupokei maombi. Nikalipa. Visa ikachelewa, ikatoka siku chache baada ya masomo kuanza. Nikawaandikia wanisogezee tarehe. Wakajibu kwa heshima sana kwamba nafasi yangu "inaendelea kutumika". Yaani kiti kinasoma peke yake! Siku nilizokosa sikurudishiwa hata senti.

Kufika, kwenye tangazo waliandika darasa la watu wasiozidi wanane. Tulikuwa kumi na nne, wengi Wajerumani wa miaka kumi na minane, mapumziko ni Kijerumani mtindo mmoja. Likaja na sherehe la mji, shule ikafungwa, hakuna kufidia.

Hiyo familia sasa. Familia ilikuwa mama mmoja aliyekodisha vyumba vinne. Friji lilikuwa na vibandiko vya majina: rafu ya Lukas, rafu ya Anneke, rafu yangu iliandikwa "África". Chakula cha usiku nilikikuta kwenye maikrowevu kimefunikwa sahani, na karatasi imeandikwa dakika za kupasha. Yeye yuko sebuleni na televisheni, mlango umefungwa. Nikamgongea siku moja nikamwambia kwa Kihispania changu kibovu kwamba nimekuja kujifunza kuongea. Akaniambia nizungumze na shule, yeye analipwa kwa kitanda na chakula.

Mtu aliyenifundisha Kihispania pale ni mwanamke wa Ekuado aliyekuwa akisafisha ngazi za jengo. Namsubiri na ndoo yake saa moja asubuhi, tunashuka ngazi tunaongea, ghorofa ya sita mpaka chini. Yule ndiye mwalimu wangu.

Kwa hiyo mwanangu KijanaWaKreta, kabla hujalipa uliza kwa maandishi mambo haya: visa ikichelewa au ikikataliwa narudishiwa kiasi gani, darasa mwisho wangapi, siku za sikukuu zinafidiwaje, na nyumbani kuna wageni wangapi wengine. Wakikujibu kwa simu tu bila barua, achana nao.

Fundi_Seremala
"Kiti kinasoma peke yake" 😂😂 pole sana mama.

BintiShangani
Pole mama. Hiyo ya kulipa yote kabla ya barua wengine hawataki yote, wanataka arubuni. Tafuta skuli yenye kibali cha Instituto Cervantes, uulize utaratibu wake wa kurudisha pesa visa ikikataliwa. Usome tu maandishi madogo.

MwalimuLugha
Na kwa wanaoishi Hispania muda mrefu kuna Escuela Oficial de Idiomas, shule za serikali, ada ndogo mno. Ila mwaka wake unaanza Septemba na mwendo wake wa pole, hazimfai mwenye masika tu.

Dakta_Wete
Assalaam aleikum. Mimi ningemuuliza kijana kwa nini aanze sifuri akiwa huko. Hapa Unguja tulifundishwa udaktari na Wakuba wa Chuo Kikuu cha Matanzas, na Mnazi Mmoja Wakuba wapo miaka na miaka. Kihispania changu chote nimekipata wodini. Unajua kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla hujajua kusema "jana nilikwenda sokoni". Tafuta Mkuba au yeyote azungumzaye, lipa saa mbili kwa wiki kuanzia sasa, hata kwa mtandao. Ukifika huko uwe umeshamaliza vitenzi vya wakati uliopo. Zile wiki mbili za kwanza za "me llamo", naitwa fulani, zinauzwa bei moja na wiki ya mwisho.

KijanaWaKreta
Dokta hili nimelipenda. Na Kuba kwenyewe je? Si bei rahisi?

Dakta_Wete
Chuo kikuu cha Havana kina masomo ya wageni, na watu wake wakarimu. Lakini tangu gridi ya taifa ilipoanguka Oktoba 2024 umeme ni wa kusuasua, na chakula hali ngumu. Kijana wa peke yake asiye na mwenyeji simshauri sasa. Na wao wanaongea mbio kuliko hao wa Granada.

Njoro_wa_Thika
Sisi Kenya tulipeleka madaktari hamsini Kuba mwaka 2018, kitu cha kwanza walifanya ni kusoma lugha kabla ya udaktari wenyewe. Serikali ikamaliza huo mkataba 2023. Kelele ilikuwa mingi.

Mzururaji
Njoro, hapa si mahali pa siasa zenu.

Njoro_wa_Thika
Nimetaja lugha tu, tulia.

Mtu_wa_Nungwi
Mimi naona mnapoteza muda na Kihispania. Huku kaskazini Unguja Waitaliano na Wapolandi ndio wengi. Jifunze Kipolandi, hutapata mshindani.

KijanaWaKreta
Nungwi ni ufukwe mkuu. Porini mgeni anakaa na mimi garini siku saba, saa kumi kwa siku. Si wa kumuuzia safari ya pomboo na kumuacha.

Mtu_wa_Nungwi
Umetudharau sasa.

DerevaMkongwe
Nimeendesha Wahispania miaka mingi kwa Kiingereza cha kuombea maji. Niwaambie ukweli ambao hakuna anayeusema: tipu. Mhispania kwao hana desturi ya tipu kubwa, anakushukuru, anakukumbatia, anakupa bahasha nyepesi. Mmeksiko bahasha yake nzito, na Mkolombia naye hajambo. Kwa hiyo jifunze Kihispania cha Mexico, uwalenge hao.

BintiShangani
Hao wanaelewana wote kaka, si lugha mbili.

DerevaMkongwe
Sijasema lugha mbili. Nasema Mmeksiko akisikia unaongea kama wa kwao anafurahi. Mimi mwenyewe nikikutana na mzungu anayeongea Kiswahili cha mtaani kwetu nampa siti ya mbele.

MwalimuLugha
Na Mhispania akisikia "ustedes", ile "ninyi" ya Kimeksiko, kutoka kwa Mtanzania hatakasirika. Kinyume chake pia hakuna shida. Ila neno "coger" alilojifunza Hispania kwa maana ya kuchukua asije akalitumia mbele ya mama wa Kimeksiko. Huko lina maana ya chumbani.

DerevaMkongwe
😂 Haya ndiyo mafunzo.

Mhasibu_Moshono
Turudi kwenye mada. Mwenye uzi hajajibu swali la Njoro tangu mwanzo: unajilipia au unalipiwa?

KijanaWaKreta
Hapo ndipo penyewe. Bosi amesema atatoa nusu. Hizo milioni 10, tano zangu tano zake. Masharti yake: nirudi ifikapo tarehe 1 Juni bila kukosa, nilete cheti kinachotambulika, na nisaini mkataba wa kutotoka kampuni miaka mitatu. Nikiacha kabla narudisha hela yake yote na riba. Ndiyo maana natakiwa kujibu mwisho wa mwezi.

Mhasibu_Moshono
Miaka mitatu kwa milioni tano! Na hili ulilificha mpaka saa hizi?

BintiShangani
Cheti kinabadilisha kila kitu. DELE, mtihani wa Instituto Cervantes, ina tarehe zake maalumu kwa mwaka, na majibu yanachukua muda, hutarudi nacho mkononi Juni. Cheti chake kikitoka hakina mwisho wa matumizi. SIELE unafanyia kwenye kompyuta, unachagua siku, majibu yanatoka ndani ya wiki chache, ila kinaisha baada ya miaka mitano. Muulize bosi anataka kipi. Kama anaridhika na karatasi ya skuli, Guatemala inabaki mchezoni.

Mzururaji
SIELE hata Guatemala inafanyika.

DerevaMkongwe
Usisaini. Muongoza watalii mwenye Kihispania msimu wa Agosti anagombaniwa na kampuni tano. Unajifunga miaka mitatu kwa mshahara wa sasa?

MamaNuru_Tanga
Siyo asisaini, aulize mshahara utapanda kiasi gani akirudi, na waandike. Lugha ni yake, haitabaki ofisini.

Dakta_Wete
Au chukua tano zako peke yako. Soma hapa hapa hadi masika, halafu nenda wiki nne tu, bila deni la mtu.

Mhasibu_Moshono
Tano ni dola 2,000. Wiki nne Granada: nauli 1,000, yuro 1,320 ni kama dola 1,450, na visa na bima 150. Hiyo 2,600, haitoshi. Wiki nne Xela ni 880 na nauli 1,900, hata karibu haifiki.

Dakta_Wete
Basi wiki mbili.

Mzururaji
Wiki mbili huendi kusoma, unakwenda kupiga picha.

DerevaMkongwe
Auze ile Noah yake.

KijanaWaKreta
Noah ni ya mke wangu mzee wangu. Nimewaandikia shule moja ya Granada na moja ya Xela yale maswali ya Mama Nuru. Ya Xela wamejibu usiku ule ule, ya Granada bado. Bosi nimemuomba mkataba niusome, anasema wakili yuko Moshi. Kesho naingia Tarangire na wageni hadi Jumapili.

Njoro_wa_Thika
Wa wapi hao wageni?

KijanaWaKreta
Wajerumani.

Fundi_Seremala
Samahani kuingilia, na mimi ningependa kujua kuhusu Kireno, Msumbiji ni karibu, kuna aliyesoma Maputo?

MwalimuLugha
Fungua uzi wako mkuu. Ila ukifungua nitag, nina mengi ya kusema kuhusu Maputo.